Bega la Msusi

Karatasi ya ridhaa ilikuwa na mistari tisa. Halima Abubakari aliisoma yote, akarudia kuisoma, kisha akamrudishia Dorkasi kalamu.

"Nitarudi kusuka lini?"

Dorkasi, muuguzi wa chumba cha upasuaji, alikuwa na jibu tayari: wiki mbili. Ndivyo Daktari Benjamini alivyomwambia kila mgonjwa wa tezi za shingo, na ndivyo wauguzi walivyoitikia. Halima alikuwa na miaka ishirini na minne. Alisuka nywele kwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko la Lushoto, mteja amekaa kitini, yeye amesimama, mikono usawa wa macho tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Uvimbe wake ulikuwa upande wa kulia wa shingo, mkubwa kama plamu, kati ya msuli mrefu unaoshuka kutoka nyuma ya sikio na ule mpana unaotanda mpaka begani. Sindano ilikwisha kuchota humo mara mbili, na mara zote mbili maabara ilirudisha majibu yasiyoeleweka. Kesho asubuhi daktari alitaka kuutoa mzima, upelekwe ukapimwe, ijulikane kama ni kifua kikuu cha tezi au ni kitu kibaya zaidi.

"Unasukia mkono gani?" Dorkasi aliuliza.

"Na wewe dada. Umeona wapi msusi wa mkono mmoja?" Halima alicheka. "Ila wa kulia ndio bwana mkubwa. Wa kushoto unashika tu."

Dorkasi alitazama mlangoni, akavuta kiti, akakaa.

"Kuna jambo halimo kwenye karatasi. Hapo penye uvimbe panapita mshipa wa fahamu. Mwembamba, kama uzi. Unatoka kichwani, unapita kwenye huu msuli mrefu, unakatiza hapa pa wazi, halafu unaingia kwenye msuli mpana wa mgongoni. Huo msuli ndio unaolishikilia bega, na mshipa ndio unaouamrisha. Sasa, haujajificha. Uko chini ya ngozi tu na mafuta kidogo. Ukikatwa bega linashuka, na mkono haupandi kupita hapa." Aliweka kiganja chini kidogo ya bega lake mwenyewe.

Halima alikitazama kile kiganja kwa muda.

"Daktari anaujua huo mshipa?"

"Anaujua."

"Anautafuta?"

Dorkasi alirudisha macho mlangoni. Halima aliilaza kalamu juu ya blanketi, taratibu, kama mtu anayeweka kisu mezani.

"Basi aje aniambie mwenyewe kwamba atautafuta. Akisema, natia sahihi. Asiposema, nakwenda nyumbani na uvimbe wangu. Uvimbe hauzuii kusuka."

"Unaweza kukuua."

"Na njaa je?"

*

Daktari Benjamini alikuwa mtu wa kupendwa, na alistahili. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amewapasua watu wa milima hii bila kumkaripia hata mmoja. Kuna watoto wengi kule juu walioitwa Benjamini kwa sababu yake. Mikono yake ilikuwa myepesi. Tezi ya shingo ilimchukua dakika ishirini, na wauguzi walijivunia dakika hizo kana kwamba ni zao. Dorkasi alikuwa na miezi miwili tu hospitalini pale.

Alimkuta ofisini akinywa chai.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba binti. Msusi wetu ametia sahihi?"

"Hapana. Anataka kusikia kwako kwamba utautafuta mshipa wa bega kabla ya kugusa tezi."

Daktari aliweka kikombe chini. "Nani kamwambia habari za mshipa wa bega?"

"Mimi."

Hakukasirika. Alitabasamu kama mwalimu aliyeulizwa swali na mtoto wa darasa la pili. "Dorkasi, ukianza kufukua shingo ya mtu kutafuta uzi ndipo unapoukata. Mimi nashika tezi yangu, nabaki na tezi yangu. Mshipa napita mbali nao."

"Utapitaje mbali na kitu usichojua kilipo?"

Tabasamu lilipungua.

"Kwetu Gare," Dorkasi aliendelea, kwa sababu alijua akinyamaza hataweza kuanza tena, "mtu akienda kulima shamba la jirani hashushi jembe kabla ya kuufukua mpira wa maji pale unapoingilia shambani, akaufuata mpaka unapotokea. Anayesema atapita mbali nao ndiye anayeukata."

"Sasa unanifundisha upasuaji kwa jembe."

"Nisamehe, daktari."

"Sikiliza. Miaka ishirini na miwili. Shingo ngapi, sijui. Hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika bega."

"Hawarudi kulalamika. Wanarudi kushukuru."

Nje mtu alikuwa akivuta kitanda chenye gurudumu bovu.

"Una mtu?" daktari aliuliza. "Au una kitabu tu?"

"Nina mtu."

"Mlete. Kesho saa moja na nusu, kabla hatujaingia. Usipomleta, yule binti atachagua: sahihi au nyumbani."

*

Mtu mwenyewe alikuwa mama yake, na hakuna aliyewahi kumlazimisha Sesilia wa Gare kufanya jambo.

Dorkasi alimkuta barazani akibangua maharage, kanga imetupwa juu ya bega la kulia kama siku zote. Chini ya kanga bega lile lilikuwa limeshuka, mfano wa mlango uliolegea bawaba ya juu. Gare nzima ilijua sababu: magunia ya viazi. Sesilia amebeba mno, walisema, mzigo umemla bega. Wifi zake walisema amezidi uvivu, kila mara anataka jirani amtwike mzigo. Dorkasi naye aliamini habari ya magunia mpaka mwaka wake wa pili wa diploma, siku mwalimu alipofungua ukurasa wenye picha ya mwanamke iliyopigwa kwa nyuma, hana uso, hana jina. Aliutambua mgongo wa mama yake. Aliporudi nyumbani likizo aliomba kuona shingo, akaiona alama: mstari mfupi, safi, wa miaka mingi.

Sasa alieleza alichokuja kuomba. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kubangua.

"Sitakwenda."

"Mama."

"Tezi ile ilikuwa inanikaba. Yule baba aliitoa. Wiki ya nane nikampelekea kuku. Akaniuliza naendeleaje, nikamwambia sijambo, namshukuru Mungu. Leo, miaka kumi na moja imepita, niende nikamwambie nilidanganya?"

"Ulidanganya."

"Nilikuwa na adabu. Hiyo hawakuwafundisha huko kwenye diploma?"

"Ulimpa kuku kwa mkono gani?"

Vidole vya Sesilia vilisimama kwenye ganda. Akahamia Kishambaa, kama alivyofanya kila alipochokozwa, akasema maneno ambayo binti yake aliyaacha yapite. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, sauti ikiwa chini.

"Wa kushoto. Kuku alikuwa mzito, na wa kulia ulikuwa unawaka moto. Niliona haya njia nzima kurudi. Kumpa mtu mzima shukrani kwa mkono wa kushoto."

"Hakuona."

"Hakuona," Sesilia alikubali. Alibangua ganda moja, la pili. "Huyo binti ana miaka mingapi?"

"Ishirini na minne."

"Ana mtoto?"

"Mmoja. Bado ananyonya."

Sesilia aliutazama uwanja, pale kuku walipokuwa wakichakura. "Mdogo wako Anord alikuwa na miezi saba wakati ule," alisema. "Nikitaka kumbeba mgongoni napiga magoti, namlaza, namwita jirani, mama Glory, aje anifungie mbeleko. Siku mama Glory akienda shamba mtoto analia chini mpaka ananyamaza mwenyewe." Alikung'uta maganda mapajani. "Nitakuja. Lakini sitasema neno la kumshitaki. Na siendi mikono mitupu."

*

Saa moja na nusu walikuwa mlangoni. Sesilia alikuwa na kikapu cha mapeasi mkono wa kushoto.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba mama, karibu." Daktari Benjamini alimtazama vizuri, akafurahi. "Wewe nakujua. Wewe ni mama wa kuku. Jogoo mwekundu, alinisumbua nyumbani wiki nzima kabla hatujamla."

"Ndiye huyo."

"Na huyu Dorkasi ni wako? Mbona hajasema?" Akapokea kikapu kwa mikono miwili. "Haya, na sasa hujambo?"

Dorkasi aliliona neno likija midomoni mwa mama yake. Sesilia aliufunga mdomo. Akageuka, akawapa wote mgongo, akaiacha kanga ianguke, akamwambia binti yake amfungue vifungo vya nyuma ya gauni. Kisha akanyanyua mikono yote miwili.

Wa kushoto ulipanda mpaka sikioni. Wa kulia ulifika usawa wa ziwa, ukatetemeka, ukakoma. Kombe la bega likatokeza mgongoni, limebinuka, kama ubao uliong'oka misumari upande mmoja.

Daktari alisimama. Alimwomba ruhusa, akaweka vidole kati ya shingo na bega, mahali ambapo kwa mtu mwenye bega zima kuna nyama ya kushika. Pale palikuwa bonde.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoamka mezani."

"Ulikuja baadaye. Nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa umenisaidia."

Dorkasi alimfunga mama yake vifungo. Ilichukua muda.

"Ni mimi," daktari alisema.

"Tezi ulinitoa. Hilo nalo ni wewe."

"Ungekuja miezi ile ya kwanza tungekupeleka hospitali kubwa, wajaribu kuuunga mshipa. Sasa msuli umeshakufa. Mazoezi yatapunguza maumivu, lakini sitakudanganya, mkono haurudi."

"Najua. Huyu ameshaniambia, maana hanyamazi." Sesilia alijitanda kanga yake. "Sikuja kwa ajili yangu. Kuna mtoto wa watu wodini anakusubiri."

Daktari alikwenda wodini kwa miguu yake, bila koti, kalamu mkononi. Alimkalisha Halima kitandani, akamgeuza uso pembeni, akamchora shingoni mstari mmoja wa mshazari: kutoka ukingo wa nyuma wa msuli mrefu, juu kidogo ya katikati yake, mpaka kwenye msuli mpana, vidole vitatu juu ya mfupa wa mtulinga. Uvimbe ulikaa juu ya mstari huo hasa.

"Unapita hapa," alisema. "Au karibu na hapa, watu hawafanani. Nitautafuta kwanza. Nisipouona sitaitoa tezi yote, nitachukua kipande cha kupima na kufunga."

"Na ukiukata?"

"Nitakwambia siku hiyo hiyo."

Halima aliinyoosha karatasi pajani, akatia sahihi. "Mkeo namsuka mimi, daktari. Kila baada ya wiki mbili. Nikiamka bega halipo, nitamsuka mistari ya kumkosesha usingizi mwezi mzima."

"Huyo atakupigia kelele wewe."

"Atapiga kwako. Mimi nitamweleza sababu."

*

Mbaraka, mtaalamu wa usingizi, ndiye aliyeshangaa zaidi. Daktari alimwambia atumie dawa ya muda mfupi ya kulegeza misuli, ya kuingizia mpira wa hewa tu, kisha asirudie.

"Atakuwa na misuli macho."

"Ndiyo. Nikiubana mshipa nataka bega liweze kunijibu."

Muuguzi mwenzao Happiness alisimama kwenye vyombo. Dorkasi aliingiza mkono chini ya shuka, akalifunika bega la Halima kwa kiganja. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake asubuhi ile, hakuwa na nyingine: kushika na kusema.

Ngozi ilifunguliwa. Mikono ya daktari, iliyozoea kwenda moja kwa moja kwenye tezi, ilisita. Alianza ukingoni mwa msuli mrefu, akitenganisha mafuta kidogo kidogo, akisema kwa sauti kama mwanafunzi anayekariri.

"Katikati ya ukingo hutokeza mishipa midogo ya ngozi. Mmoja unapanda kwenda sikioni. Huu hapa. Juu yake, upana wa kidole, ndipo wetu hutokea." Alibana uzi mweupe kwa koleo dogo. "Bega?"

"Kimya," alisema Dorkasi.

"Huu?"

"Kimya."

Alipanda. Akashuka. Damu kidogo ilichuruzika, Happiness akaifuta. Saa ya ukutani ilikuwa ya kelele, au leo ndipo waliposikia.

"Dakika ishirini," Mbaraka alitangaza, nusu kwa mazoea, nusu kwa utani.

Dakika ya thelathini na tano daktari alinyoosha mgongo. "Tezi imekua, imesukuma kila kitu. Labda mshipa umekwenda chini. Nifungue utando huu juu ya tezi, nizunguke nayo, tutakutana nao huko ndani."

Alinyoosha mkono, Happiness akampa mkasi. Juu ya tezi palikuwa na utando mweupe, bapa, usio na sura ya kitu chochote. Ncha za mkasi zilifunguka juu yake.

"Bana kwanza," Dorkasi alisema.

Daktari aliinua macho. Juu ya barakoa yalikuwa yamechoka.

"Huu ni utando, binti."

"Ubane tu, daktari. Ukiwa utando hautasema kitu."

Alimtazama kwa kitambo. Akarudisha mkasi, akachukua koleo, akaugusa ule ukanda mweupe.

Bega liliruka ndani ya kiganja cha Dorkasi kama chura.

"Limeruka."

"Una hakika?"

"Rudia."

Alirudia. Safari hii hata Mbaraka aliliona shuka likicheza.

Tezi ilikuwa imekua kutoka chini, ikaunyanyua mshipa, ikaubapaza juu ya mgongo wake, mpaka uzi ukawa utepe. Hapo hapo, mahali pa kwanza ambapo mkasi wa mtu mwenye haraka ungepita.

Daktari Benjamini hakusogea. "Hapa ndipo ninapoanziaga," alisema. "Siku zote."

Baadaye kidogo aliomba kitambaa chenye maji ya chumvi, akafunga uzi mwororo wa mpira kuuzunguka mshipa ili usipotee tena, akaanza kuubandua. Ilimchukua saa nzima. Kila alipougusa, bega lilimjibu Dorkasi, na Dorkasi alisema, "Lipo." Lipo. Lipo. Upande wa chini mshipa ulikuwa umegandamana na tezi, haukutaka kuachia. Alijaribu mara tatu, ya nne akaacha.

"Kipande hiki kitabaki," alisema. "Kidogo kama ukucha. Maabara haihitaji yote. Ikiwa ni kifua kikuu, dawa zitamalizia. Ikiwa ni kingine, tutarudi, na njia tunaijua."

Tezi iliingia kwenye chupa. Mshipa ulilala peke yake katika jeraha, umekunjamana, umevutika, mzima.

"Kuvutika nako ni kuumia," alimwambia Dorkasi wakati wa kushona. "Usimwambie mtu bado kwamba tumeshinda."

*

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa umeziba madirisha ya wodi. Daktari alikuja bila wanafunzi. Dorkasi alikuwa amemaliza kubadilisha bandeji, na Halima alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, uso umevimba kidogo, mtoto amelala nyuma yake.

"Unaendeleaje?"

"Vibaya," Halima alisema. "Shingo inawaka, sikio limekufa ganzi, na mkono ni mzito kama si wangu. Nimeambiwa nikueleze ukweli."

"Umeambiwa vizuri. Nigeuzie mgongo. Nyanyua mkono kwa upande, taratibu."

Mkono ulitoka pajani. Ulipita kiunoni. Ulipofika usawa wa ziwa ulianza kutetemeka, ukasimama. Dorkasi alijikuta amenyoosha mkono kuusaidia.

"Usinishike."

Jasho lilimtoka Halima juu ya mdomo, katika baridi ile. Mkono ulikaa pale pale. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kunywa uji. Kisha ukapanda, kidole kimoja, viwili, ukalifikia bega, ukalipita. Daktari alikuwa ameinama nyuma yake, macho kwenye kombe la bega. Kombe liliteleza juu ya mbavu, limelala, likazunguka kama linavyopaswa kuzunguka. Kiwiko kilifika usawa wa jicho. Kikafika sikioni.

Daktari aliachia pumzi. "Mshipa unafanya kazi. Umechoka, utachoka kwa wiki kadhaa, miezi hata. Utafanya mazoezi kila siku, Dorkasi atakuonyesha. Kusuka siyo wiki mbili. Nilisema vibaya. Tutapima na kuona."

"Sawa."

"Basi shusha, inatosha kwa leo."

"Bado."

"Halima, utajiumiza."

"Mteja mmoja wa mistari ni saa tatu, daktari. Nataka kujua leo ninazo dakika ngapi, ili kesho niongeze." Mkono ulitetemeka mpaka vidoleni, lakini haukushuka. "Wewe una saa. Hesabu."

Daktari Benjamini alikunja mkono wa shati lake, akatazama saa, akaanza kuhesabu.